Noti za wakati wa mapinduzi: uanze na Meksiko au Urusi?

Binamu yangu wa Tanga alinipigia simu mwezi uliopita, "kaka, na mimi nataka nianze kukusanya zile noti zako za vita, nimetenga laki na nusu, we niambie tu ninunue zipi." Mi nilikuwa kwenye daladala, kelele kibao, nikamjibu anza na Meksiko mdogo wangu, nikakata. Usiku nikakaa nikaona nimemjibu kama mtu anayefukuza kuku, maana hili swali la Meksiko au Urusi lilinila mi mwenyewe miaka na hela, na jibu lake halifanani kwa kila mtu. Basi nikamwandikia kirefu, na haya ndo niliyomwandikia, pamoja na yaliyotokea baada ya hapo, maana mwisho wa siku hakunifuata.

Tuelewane kwanza ni noti zipi. Nchi ikivurugika, serikali kuu inashindwa kufikisha hela mikoani, sarafu za fedha na dhahabu watu wanazichimbia chini, lakini askari bado anataka mshahara na muuza mkate anataka chenji. Hapo kila mwenye bunduki na mashine ya kuchapa anachapa zake. Jenerali anachapa, gavana anachapa, mji unachapa, hata mgodi na duka la kijijini linachapa. Hizo ndo tunazotafuta. Sio noti za kawaida za benki kuu, ni zile za dharura za kila eneo, ambazo zilikuwa hela kweli Jumatatu na Ijumaa zimeshakuwa karatasi ya kufungia karanga.

Na kwa mtu anayeanza, dunia ina mabwawa mawili makubwa ya noti za hivi, Meksiko ya 1913 mpaka 1916, na Urusi ya 1917 mpaka 1922 hivi.

Meksiko kwa ufupi

Februari 1913 Rais Francisco Madero alipinduliwa akauawa, Jenerali Victoriano Huerta akakaa kwenye kiti. Gavana wa Coahuila, Venustiano Carranza, akamgomea, na mwezi Aprili mwaka huohuo akiwa Monclova akatoa amri zichapwe peso milioni 5 za karatasi za kuendeshea vita. Milioni 5 tu, lakini ndo mlango ukafunguka. Sonora wakachapa, Sinaloa wakachapa, Oaxaca wakachapa, na kule kaskazini Pancho Villa, jenerali mwingine wa waasi, alipochukua ugavana wa Chihuahua Desemba 1913 akaanza na noti fulani nyeupenyeupe, za kawaida mno, watu wakaziita sábanas, yaani mashuka. Zilikuwa rahisi kufoji kiasi kwamba 1914 zikaja nyingine zenye sura mbili, Madero mwenyewe na Abraham González, gavana wa Chihuahua ambaye naye aliuawa 1913. Hizo ndo dos caritas, vijisura viwili, na kila mkusanyaji wa Meksiko anazo, na kama hana anazitafuta.

Jina la jumla la hela zote hizi ni bilimbiques. Ukiuliza limetoka wapi utasimuliwa habari za Mmarekani mmoja mlipa mishahara kule migodini ambaye jina lake wafanyakazi walishindwa kulitamka, mi naichukulia kama hadithi ya kijiweni, ila ni tamu.

Raha ya Meksiko ni kwamba kisa kina mwanzo na mwisho unaoshikika. Jiji la Mexico lilipita mikononi mwa pande tofauti mara kadhaa, na kila jeshi likiingia noti za waliotoka zinakufa. Carranza na Villa nao wakageuka maadui, na Januari 1915 Obregón, jenerali wa Carranza, alipoingia, noti za Villa zikapigwa marufuku, we fikiria mama ntilie aliyeuza wali wiki nzima kwa hela za Villa. Aprili mwaka huo Villa akapigwa Celaya, noti zake zikaanza kuporomoka mazima. Halafu 1916 Carranza akasema sasa basi, akaleta noti zilizochapwa New York na American Bank Note Company, akaziita infalsificables, yaani zisizoweza kufojiwa. Na kweli kuzifoji ilikuwa kazi. Shida ni kwamba watu hawakuziamini, kufika mwisho wa mwaka thamani yake ilikuwa hamna kitu, na nchi ikarudi kwenye sarafu za madini. Benki kuu yao ilifunguliwa 1925. Miaka mitatu na ushee, imeisha, unaweza kuiweka kwenye albamu mbili tu ukaona kisa chote.

Urusi haiishi

Urusi ni bahari. Tsar, mfalme wao, ameondoka 1917, serikali ya mpito ya Kerensky ikaleta noti za ruble 20 na 40, vidogo kama stempu kubwa, hazina namba, hazina tarehe, zinaitwa kerenki. Zilitoka kwenye mashiti mazima na mtu alikuwa anakata mwenyewe kwa mkasi. Mi ninayo moja ya 40, upande wa kulia mkasi umepinda ukala kidogo kwenye fremu, halafu aliyekata akajirekebisha katikati ya safari, unaona kabisa pale alipogeuza mkono. Kila nikiiangalia nawaza alikuwa nani na alikuwa anaharakisha kununua nini.

Baada ya Oktoba, Wabolsheviki (wakomunisti wa Lenin) walipochukua serikali, ndo kila kona ikawa na yake. Rostov kwenye mto Don walitoa noti yenye sura ya Yermak, na nyingine ya ruble 250 yenye sura ya Platov, wote viongozi wa zamani wa Wakosaki, wale wapiganaji wa farasi. Jeshi la Denikin, jenerali aliyepigana na Wabolsheviki kusini, likatoa ya ruble 1000 ya 1919 yenye picha ya ile Kengele ya Tsar ya Moscow, watu wakaiita kolokolchik, kikengele. Arkhangelsk kule kwenye barafu kuna noti ya 1918 ina mnyama wa baharini mwenye meno marefu kama tembo mdogo, pamoja na dubu mweupe, na hapohapo Arkhangelsk Waingereza wakaleta ruble zao wakazifunga kwa pauni, ruble 40 kwa pauni 1. Siberia kuna za Kolchak, mpinzani mwingine wa Wabolsheviki, na serikali yake mwaka 1919 ikazikataa kerenki, waliokuwa wameziweka akiba wakalia. Ukraine wana zao, Georgia zao, Armenia zao, Azerbaijan zao. Mji wa Verny, ambao leo ni Almaty ya Kazakhstan, noti za eneo lile la Semirechye zimeandikwa kabisa kwamba dhamana yake ni afyuni iliyohifadhiwa benki. Afyuni! Sio dhahabu, sio fedha. Mi nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilidhani aliyetafsiri amekosea.

Na bado sijagusa Asia ya Kati, hiyo nitairudia, maana ndo ilivuruga ushauri wangu wote.

Sasa tulinganishe

Tuanze na hela maana ndo wengi mnaangalia. Kwa laki na nusu, Meksiko unapata rundo. Noti za kawaida za Carranza, zile za Serikali ya Muda, za Ejército Constitucionalista (jeshi lake), vijikadi vya senti vya Toluca vya 1915 ambavyo ni kadibodi kabisa sio karatasi, infalsificable moja au mbili, dos caritas iliyochoka kidogo, zote hizo unaweza kuzipata ndani ya bajeti hiyo na ukabaki na ya posta kama muuzaji ni mmoja. Urusi nako vipo vya bei chee, kerenki ni za bei ya soda na chapati, na ile ya kopeki 50 (kopeki ni senti ya ruble) ya mashariki ya mbali iliyochapwa na walewale American Bank Note Company wa New York inapatikana mpya kabisa haijakunjwa kwa hela ndogo. (Hii kampuni ndo kiungo cha pande zote mbili, walichapa kwa Carranza na walichapa kwa Warusi, vita ya watu ni oda kwao.) Ila Urusi ukitoka kwenye vya bei chee unaruka ghafla. Meksiko ngazi zake ni fupifupi, Urusi unakanyaga ngazi mbili halafu ya tatu iko kwenye dari.

Kusoma. Hapa kwa watu wengi Meksiko inashinda kwa raha, herufi ni hizihizi zetu, "Estado de Chihuahua" huhitaji mkalimani, ukijua maneno ishirini ya Kihispania umemaliza. Noti za Urusi ukiwa hujui herufi zao unabaki kulinganisha picha na katalogi kama mtoto anayecheza karata za jozi. Zinajifunzika lakini, wiki mbili zinatosha kwa herufi, na hilo nalisema kwa sababu mi nilijifunzia kwenye foleni ya mafuta.

Na kutojua kusoma ndo kulinigharimu. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa "noti 40 za vita ya wenyewe kwa wenyewe Urusi", muuzaji wa onlaini kaweka picha ya mbali, mi nikaona rangi nikalipa. Zimefika, thelathini na kitu ni noti za Tsar, zimeandikwa 1909, zimechanika kwenye mikunjo. Nikaziita takataka nikazitupa kwenye bahasha. Miaka miwili baadaye nimeshajua kusoma nikazitoa tena, kumbe Wabolsheviki waliendelea kuchapa noti ileile ya ruble 5 ya Tsar na tarehe ileile ya 1909, ila namba zake ni fupi, herufi mbili na tarakimu tatu, saini ni ya Shipov, mkuu wa benki. Kwenye bahasha yangu zilikuwepo mbili za hivyo. Sio za bei, ziko nyingi mno duniani, lakini zilikuwa noti za mapinduzi zimevaa kanzu ya mfalme na mi nilikuwa nimezilalia miaka miwili. Meksiko haikufanyii hivyo, noti inasema waziwazi nani kaitoa, wapi, kwa amri ya tarehe ngapi.

Feki sasa. Hapa mnisikilize vizuri kwa sababu feki za Meksiko na feki za Urusi ni wanyama wawili.

Meksiko feki nyingi ni za wakati uleule. Noti za Villa zilifojiwa ndani ya Meksiko na hata ng'ambo ya mpaka upande wa Marekani, kwa hiyo dos caritas feki nayo ina zaidi ya miaka mia, na kuna watu wanakusanya feki hizo kwa makusudi. Ukiuziwa feki ya 1914 kwa bei ya noti halisi umepigwa, ila hujaambulia patupu, una kipande cha historia mkononi. Kuna pia mihuri, kwa Kihispania wanaita resello, serikali ilikuwa inagonga muhuri kuthibitisha kwamba noti hii tunaitambua, ndo maana utakuta kwenye migongo ya noti kibao maneno kwamba imethibitishwa kwa amri ya tarehe 17 Desemba 1914. Geuza noti, angalia mgongo kabla ya sura. Mi siku hizi muuzaji asiyeweka picha ya mgongo simjibu hata meseji. Na mihuri yenyewe ilifojiwa pia, ndo utamu na uchungu wake huo.

Urusi kuna feki za wakati ule pia, lakini kinachoumiza zaidi ni vitu vya kubuni, mtu anachukua noti halisi ya bei chee anaigonga muhuri wa jeshi fulani maarufu, bei inapanda mara ishirini. Mfano mkubwa ni noti za Makhno, yule kiongozi wa wakulima kule Ukraine. Zipo noti zenye mihuri ya mashairi ya utani inayosemwa ni yake, mi msimamo wangu ni mmoja, sinunui, nikiletewa hata na malaika nitamwambia arudi nayo. Hapo noti halisi imeharibiwa na hadithi ya uongo, unapoteza vyote viwili.

Kifaa ambacho kinasaidia pande zote ni kile kimashine cha taa ya zambarau wanachotumia madukani kukagulia hela, Kariakoo vinauzwa. Karatasi ya zamani ile haing'ai, inabaki imekufa rangi ya maziwa yaliyolala, karatasi nyingi za sasa zinawaka buluu kwa sababu ya dawa ya kung'arisha ambayo miaka ile haikuwepo. Sio dawa ya kila kitu, mjanja anaweza kupata karatasi ya zamani tupu akachapia, lakini inakuchujia uchafu mwingi. Halafu kidole, noti za American Bank Note Company wino umeinuka, ukipitisha kidole taratibu kwenye fremu unasikia vimistari. Noti ya Villa usitegemee hilo, ile ilichapwa kimapinduzi.

Sura na uzuri. Kama unataka uzuri wa kisanii wa karatasi, Meksiko jibu ni benki za majimbo, zile Banco de Sonora, Banco Minero de Chihuahua na wenzake, zilichongwa New York, mabinti na treni na madini, safi mno, na nyingi zilibaki kwenye makabati bila kusainiwa kwa hiyo zipo mpya. Ila kwa kweli hizo ni za kabla na pembeni ya vita, mi naziona kama sare ya harusi, nzuri lakini hazikupigana. Noti za vita zenyewe za Meksiko nyingi ni za kawaida, hata mbaya, wino umevuja, namba zimepinda. Urusi inashinda kwa vituko. Kengele, dubu, Mkosaki, na zile za Wabolsheviki za 1919 zilizoandikwa wafanyakazi wa dunia unganeni kwa lugha saba, Kichina na Kiarabu zikiwemo, zinaitwa za Babeli. Unamwekea mgeni mezani albamu ya Urusi hanywi chai mpaka amalize kufunua.

Kuhusu kuzitunza hakuna tofauti kubwa, joto letu na unyevu wa pwani hauchagui noti ya nani. Mifuko ya plastiki ile inayonuka kali usiweke, inanata na kutoa mafuta. Seloteepu hapana. Na nakuomba kwa heshima zote usizipeleke stesheneri ukazilaminate, nimeshaona mzee wa watu kalaminate noti ya rupia ya Mjerumani eti isiharibike, nikatamani kulia, na nikamwambia tu imependeza mzee.

Mtu ataniuliza mbona Wajerumani hujawaweka

Maana ukisema noti za dharura wengi wanakimbilia Ujerumani, noti za miji ya 1918 mpaka 1923. Mi nimeziacha kwa makusudi. Zile za rangi nzuri za 1921 na 1922 nyingi zilichapwa ziuzwe kwa wakusanyaji, mji unatafuta hela kwa kuuza picha za kanisa lake na hadithi zake. Hazina tatizo, ni nzuri, mtoto atazipenda, ila hazijawahi kununua mkate. Kwangu noti iliyozaliwa ili iwekwe kwenye albamu ni kama jogoo wa plastiki.

Kuna zile za kwetu lakini, na hapa nasimama kidogo. Vita ya kwanza ya dunia manowari za Waingereza zilipofunga bahari, hela kutoka Ujerumani ikawa haifiki Dar es Salaam, basi Deutsch-Ostafrikanische Bank ikachapa noti za muda hapahapa kuanzia 1915, rupia moja, tano, kumi na kuendelea, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, ndo maana utakuta noti ya thamani ileile moja nyepesi nyingine nzito. Tabora 1916 wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwenye karakana za reli. Na zile noti za mwisho za 1917, jeshi likiwa linahamahama porini, ni za kugongwagongwa tu. Hii haikuwa mapinduzi, ilikuwa vita ya wakoloni wawili juu ya mgongo wa babu zetu, kwa hiyo haimo kwenye mashindano haya. Ila noti ya rupia 1 ya hizo haina bei ya kutisha na mi nadhani kila mkusanyaji wa huku awe nayo moja hata kama albamu yake nzima ni Meksiko. Bibi yetu, bibi yangu na huyo binamu, alikuwa anahesabu "rupia" kwenye hadithi zake mpaka anafariki, na sisi tulidhani ni neno la kwenye nyimbo tu.

Ushauri niliompa

Basi mwisho wa barua yangu nikamwambia hivi: mdogo wangu chukua Meksiko. Laki na nusu itakupa noti kumi na kitu, utasoma mwenyewe, ukipigwa feki hujafa, na ukifika mahali ukachoka unaweza kusema nimemaliza kitu. Anza na Chihuahua peke yake hata, sábana moja, dos caritas mbili tatu, halafu za wapinzani wake za Veracruz alikokimbilia Carranza, uziweke zitazamane ukurasa wa kushoto na kulia, Villa huku Carranza kule. Urusi iache mpaka uwe na katalogi na subira. Na kama Urusi inakuvuta sana basi chagua kona moja tu, usijaribu kula bahari kwa kijiko.

Kwenye neno "kona" nikamwekea picha chache kama mfano. Don, Arkhangelsk, Semirechye ile ya afyuni, na nikaongeza moja ya Bukhara, kule Asia ya Kati, ambayo mi mwenyewe niliwahi kuiona mnadani nikaishia kuitamani, noti ya Amiri wa Bukhara, imechapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, rangi juu ya rangi, mihuri ya duara nyekundu na kijani kama kanga imekunjuliwa.

Dakika haikuisha kapiga simu. "Kaka hii mbona nasoma? Hii hapa chini ni elfu moja mia tatu thelathini na saba."

Nikanyamaza. Mi picha ile ninayo mwaka wa tatu na tarehe yake niliitoa kwenye katalogi, nilikuwa naziona zile tarakimu kama mapambo. Huyu kasoma chuoni kwa maalimu toka ana miaka mitano, tarakimu za Kiarabu kwake ni kama namba za basi. 1337 ya Hijria, yaani inaanzia mwishoni mwa 1918 inaingia 1919, Amiri bado yuko kwenye kiti na Wabolsheviki wako mlangoni, mpaka Septemba 1920 walipompindua. Maneno yenyewe ni Kiajemi kwa hiyo hakuyaelewa, lakini alikuwa anayatamka, anakwama, anarudi, akafika kwenye "tanga, tanga hii nini kaka?" Nikamwambia ni tenga, ndo hela yao.

Kwa hiyo ile hoja yangu kubwa ya kwanza, kwamba Meksiko inasomeka na Urusi haisomeki, ilikuwa hoja ya mtu kama mimi niliyesoma shule ya misheni. Kwa mtoto wa pwani aliyemaliza juzuu zake, Bukhara inafunguka upande ambao Mzungu mwenye katalogi anatoa macho. Na jirani yao Khiva, ambayo baadaye ikawa Jamhuri ya Khorezm, nao waliandika kwa herufi hizohizo, tena juu ya hariri. Sio karatasi, hariri kabisa, kwa sababu ndo kitu walichokuwa nacho kwa wingi, ikichafuka inafuliwa. Hiyo ukiishika inateleza kama mtandio, nilishika moja ya jamaa mmoja mara moja tu na nikairudisha haraka kabla moyo haujabadilika.

Ubaya wake ni bei. Nikamwambia ukweli, laki na nusu ya Bukhara ni noti moja, labda, na iwe imekunjwa, na hariri ya Khorezm sahau kwa sasa. Vilevile soko lake ni jembamba, wauzaji ni wachache, na kwa sababu zilichapwa kwa vibao vya mkono hakuna mbili zinazofanana sawasawa, kwa hiyo kutambua feki unahitaji jicho lililoona nyingi, na wewe hujaona hata moja. Meksiko ukikosea unakosea elfu kumi, hapa unakosea yote kwa siku moja. Akasema sawa kaka nimekusikia, na nikajua kwa sauti ile kwamba hajanisikia.

Amenunua ya tenga 100. Kabla hajalipa alinitumia picha nne, mbele, nyuma, nyuma ikiwa imeshikiliwa dirishani mwanga upite, na moja muuzaji kapiga chini ya taa ya zambarau baada ya kuombwa mara tatu. Karatasi haikuwaka. Rangi nyekundu imepenya mpaka nyuma pale kibao kilipogandamizwa sana, kwenye kona ya juu kuna sehemu muhuri wa kijani umekosa nafasi yake kama upana wa punje ya mchele, na mkunjo mmoja mkubwa katikati, wa mtu aliyeibeba kifuani. Mi nimeikubali kwa picha, ila sijaishika bado. Iko posta, imewekwa katikati ya kadibodi mbili ngumu, hilo nililisisitiza mimi, maana mara ya mwisho muuzaji mmoja alinitumia noti imekunjwa nne ndani ya kadi ya krismasi.

Laki na nusu imeisha na elfu kumi na mbili za posta kanikopa mimi.